Makofi Mawili Nyuma ya Wiketi

"Vua! Nimesema vua, Biasha, kabla sijazikata hizo na mkono wako ukiwa ndani!"

Hapo ndipo tulipowaacha wiki jana, langoni kwa Mama Mishi kule Gazi: Biasha na begi lake mgongoni, glavu za kriketi mikononi, na mama mtu amemkamata ukosi wa fulana kama aliyekamata mwizi wa kuku.

"Mama Mishi, shikamoo..."

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Hizo ni za nani?"

"Za Mishi."

"Na Mishi yuko wapi?"

Alipo Mishi, kila mtu Gazi anajua. Yuko makaburini, tangu lori limpitie barabarani akitoka mazoezini.

"Nakuuliza! Mwanangu hajasomewa arobaini. Nguo zake bado zimekunjwa sandukuni. Ndala zake ziko pale pale mlangoni, hakuna aliyezisogeza hata kwa ufagio. Kisha wewe, mtoto wa jirani, uliyekula wali wangu humu ndani, unapita mbele ya nyumba yangu umevaa mikono yake!"

"Alinipa kochi, Mama. Zilibaki kwenye begi la timu. Kochi Hesbon akaniambia, chukua, wewe ndiye uliyekuwa ukimbebea. Wallahi sikuiba."

"Hesbon ni mtu wa bara, hajui. Wewe umezaliwa wapi?"

Biasha alizaliwa pale pale Gazi. Kwao kitu cha maiti hakivaliwi kabla ya hitima. Siku ya hitima dua husomwa, watu hula, kisha mama mtu hutoa vitu kimoja kimoja kwa mkono wake mwenyewe: leso kwa shangazi, viatu kwa binamu. Kabla ya siku hiyo, mwenye navyo ni yule yule aliyelala kaburini. Biasha alilijua hilo tangu hajaota meno ya pili, na bado alizivaa.

Alizivaa kwa sababu ya nafasi. Mlinda wiketi ndiye anayechuchumaa nyuma ya vile vijiti vitatu. Mpira ukimpita mpigaji, yeye ndiye wa kuudaka. Mpigaji akithubutu kutoka nje ya mstari wake, yeye ndiye wa kuviangusha vijiti na kumtoa mchezoni. Timu ina mlinda wiketi mmoja tu. Wakati wote Mishi alipokuwa hai, Biasha alikaa benchi akimshikia chupa ya maji. Sasa nafasi iko wazi na wanaoitaka ni wawili, Biasha na Claire wa Ukunda. Na mechi ya kuamua ni leo, timu yao ya Kwale dhidi ya wasichana wa Lunga Lunga.

"Leo tu, Mama. Mechi ikiisha nakuletea mwenyewe."

"Hapana."

"Bila hizi sidaki kitu!"

"Basi hufai. Kashone mikeka."

"Nikizivaa namsikia Mishi!"

Mkono wa Mama Mishi ulilegea kwenye ukosi.

"Umesema nini?"

"Nasikia makofi." Biasha alionyesha kwa kichwa nyuma ya bega lake. "Nyuma yangu, kabla mpira haujarushwa. Makofi mawili ya glavu. Pa, pa. Vile vile alivyokuwa akipiga yeye. Nikigeuka, hakuna mtu. Kisha mpira unakuja na mikono inakwenda yenyewe. Sijaangusha hata mmoja, Mama. Mimi, niliyekuwa naangusha hata embe!"

Ungedhani mama mtu atalia, au atampiga kibao. Hakufanya lolote. Aligeuza shingo polepole akaangalia ndani ya nyumba yake, upande wa jikoni, kama mtu aliyeitwa.

Kisha akamvua Biasha glavu, kidole baada ya kidole, taratibu, kama unavyomvua mtoto nguo ukiogopa kumwamsha.

"Nenda kadake kwa mikono yako."

Komeo likagonga. Kwa nini aliangalia jikoni? Tutafika.

* * *

"Manze, Biasha! Umekuja kudaka na viganja vitupu? Ama umeleta ungo?"

Huyo ni Claire. Babake ni mpishi wa hoteli Diani, mamake ana saluni Ukunda, na yeye mdomo haujawahi kumpa likizo. Alikuwa amekaa kwenye nyasi za uwanja, karibu na ukuta mweupe wa hoteli, akifunga pedi za miguu, glavu zake mpya zikimngojea kando.

"Niache, Claire."

"Nakuacha. Hata kochi atakuacha."

Kochi Hesbon alipuliza filimbi. Ni mtu mrefu, mpole wa sura na mfupi wa maneno.

"Sikizeni. Claire anadaka nusu ya kwanza, Biasha nusu ya pili. Atakayenifurahisha ndiye anasafiri na sisi Jumamosi kucheza Mombasa. Na huyo wa Jumamosi ndiye wa msimu mzima. Mimi sitabadilisha mlinda wiketi kama nepi. Biasha, glavu ziko wapi?"

"Zimerudi kwa mwenyewe, kochi."

"Mwenyewe nani?"

Biasha aliangalia chini. Hesbon alimtazama, akakumbuka alimpa glavu za nani, akapuliza filimbi tena.

Mechi ikaanza. Kwale walipiga kwanza, kisha Lunga Lunga wakaingia kupiga. Claire alidaka vizuri, tusimwonee. Mpira wa kushoto, alikuwepo. Wa kulia, alikuwepo. Akiudaka anapiga kelele utadhani ameuzaa. Kule kwenye mpaka wa uwanja Biasha alikaa peke yake na mikono yake kwapani, na ngedere mmoja akaja akamfungulia begi, akachukua ndizi, akaila mbele yake bila haya.

Mpigaji wa Lunga Lunga alikuwa Judy, msichana mwenye mabega ya mbeba mizigo. Alikuwa akiusukuma mpira hadi kwenye mikoko ya watu. Kila mtu alijua jambo moja: Judy asipotolewa, Kwale wanapigwa.

Husna akapewa mpira arushe. Husna harushi kwa nguvu. Anauzungusha, unakuja polepole, unapinda. Alikuwa rafiki wa Mishi wa kufa na kuzikana, na kweli ndiye aliyemwosha.

Husna alirudi nyuma, akapumua, akaanza kutembea.

Pa. Pa.

Biasha aliruka kutoka kwenye nyasi. Makofi mawili ya glavu, nyuma ya wiketi. Akamwangalia Claire. Claire alikuwa amechuchumaa, mikono yake wazi mbele yake, imetulia. Hakuwa amepiga kitu.

Lakini Husna alibadilika katikati ya hatua. Mkono ulipinda, mpira ukaenda pembeni kabisa, nyuma ya miguu ya Judy. Na papo hapo Judy alikuwa amechomoka nje ya mstari wake kuukimbilia mpira ambao haukuwepo!

Kama kungekuwa na mikono pale, Judy angekuwa amekwisha. Hakukuwa na mikono. Claire aliutazamia mpira kwingine kabisa. Ukampita, ukabingirika hadi mpakani, Lunga Lunga wakashangilia.

"Husna!" Hesbon alipiga ukelele. "Unamrushia nani kule?"

Husna alisimama katikati ya uwanja, amegeuka rangi.

"Nimeitwa, kochi."

"Na nani?"

Husna aligeuza kichwa. Alimwangalia Biasha kule mpakani, na macho yao yakakutana, na kila mmoja akajua mwenzake amesikia.

* * *

Wakati wa mapumziko Husna alimvuta Biasha hadi nyuma ya tangi la maji.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema wallahi."

"Wallahi, Husna. Mimi namsikia tangu nilipovaa glavu zake. Nilidhani ni glavu. Leo sinazo na bado nimesikia."

Husna aliketi kwenye udongo.

"Unajua yale makofi ni ya nini?"

"Si alikuwa akijipa moyo tu?"

"Wote mlidhani hivyo." Husna alifuta uso kwa mtandio wake. "Yalikuwa yangu. Ilikuwa ishara yetu, mimi na yeye, hata kochi hajui. Akiona mpigaji anataka kutoka nje ya mstari, ananipigia mawili. Mimi nautupa mpira nyuma ya miguu, yeye anausubiri pale pale, anaangusha vijiti. Jinsi alivyojua mpigaji atatoka, hakuniambia. Alikuwa akisema, 'Wewe rusha, mimi naona.'"

Biasha alivitazama viganja vyake.

Kumbe Mishi hakuwa akimwita yeye. Mishi alikuwa kazini. Alikuwa bado amechuchumaa mahali pake, akimwita mrushaji wake kama jana, na Biasha alikuwa mtu tu aliyeingia katikati akakuta mikono inamwendea.

Basi wazo likamjia, na lilimtisha kuliko makofi yenyewe. Yote aliyoyadaka yalikuwa ya nani?

"Biasha!" Filimbi. "Zamu yako!"

Claire alimtupia glavu zake kifuani.

"Vaa zangu. Sitaki kesho useme nilimshinda mtu hana vifaa. Lakini usizijaze jasho la uoga, nimezitoa dukani juzi."

"Ahsante."

"Usinishukuru. Angusha tu."

Na aliangusha. Mpira wa kwanza ulimgonga kiganjani ukatoka. Wasichana wa Lunga Lunga wakacheka.

"Dada, umepaka mafuta ya nazi?"

Wa pili ulimpita katikati ya mikono. Wa tatu aliudaka, lakini kwa kifua, na machozi yakamtoka kwa uchungu. Nyuma yake kimya. Alikuwa akingojea makofi, hakuna. Alimwita Mishi kimoyomoyo, hakuna. Judy akaendelea kupiga, na Kochi Hesbon akaanza kuongea na Claire pembeni, na mtu yeyote aliyewahi kukaa benchi anajua maongezi hayo yana maana gani.

"Simamisheni mchezo!"

Sauti ya mwanamke. Watu wakageuka. Mama Mishi alikuwa akiukata uwanja katikati, amejifunga leso kiunoni, nyingine ameikumbatia kifuani kama kitoto kichanga. Mwamuzi alimfuata nyuma akimpungia mikono.

"Mama, mechi inaendelea!" Hesbon alimkimbilia. "Tafadhali!"

"Na mimi nimefiwa, mwanangu. Subiri kidogo."

Hesbon alisubiri. Nani angemkatalia?

Mama Mishi alifika hadi kwenye vijiti. Akaifungua leso mbele ya Biasha. Ndani kulikuwa na glavu.

"Nilikufungia mlango kwa sababu niliogopa," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe unasikia makofi uwanjani. Mimi nayasikia jikoni. Tangu tumzike. Niko mbele ya meko, nakuna nazi, pa, pa, nyuma yangu. Kama alivyokuwa akizifanyia mazoezi hapo akinichokoza nimrushie vitunguu. Sikumwambia mtu. Wangesema nimepagawa."

"Mama..."

"Leo ulipoondoka nyumba imenyamaza. Kimya, Biasha. Kimya kibaya. Nikajua amekuja huku." Alimsogezea leso. "Vaa. Mpe mikono amalize mechi yake. Huenda akilala."

Glavu zilikuwa pale, mbele ya vidole vyake. Biasha alikijua kile kiraka cha leso alichokishona Mishi kwenye kidole gumba. Azivae, mikono itakwenda yenyewe. Judy atatolewa. Claire atarudi benchi. Nafasi itakuwa yake.

Itakuwa ya nani? Ya Mishi. Itakuwa ya Mishi Jumamosi, na Jumamosi nyingine, na mama huyu atakaa jikoni akisikiliza, na Husna atarusha mpira kwa maiti hadi wazeeke.

Alirudisha mikono nyuma.

"Siku ya hitima, Mama. Kwa mkono wako. Leo sizivai."

Mama Mishi alimkazia macho.

"Umeijua lini adabu hiyo?"

"Asubuhi. Uliponishika ukosi."

Kitu kama kicheko kilimtoka mama yule, kikakatika njiani. Akaifunga leso, akatembea hadi mpakani, akasimama.

Mchezo ukaendelea. Husna akachukua mpira. Biasha akachuchumaa nyuma ya vijiti, na safari hii hakusikiliza. Aliacha masikio, akatumia macho. *Wewe rusha, mimi naona.* Mishi alikuwa akiona nini? Alimtazama Judy kuanzia kofia hadi miguuni. Mabega, hakuna kitu. Mikono, hakuna kitu.

Kisigino.

Kisigino cha kulia cha Judy kilinyanyuka kidogo tu, kama cha mtu anayetaka kuchungulia ukuta. Kikashuka. Kikanyanyuka tena.

Ndicho hicho! Siku zote kilikuwa pale, na yeye siku zote alikuwa benchi akitazama mpira.

Biasha alinyanyua glavu za Claire akazigonganisha.

Pa. Pa.

Husna alishtuka, hatua ikayumba. Alimwangalia kwa hofu. Biasha akaitikia kwa kichwa: ndiyo, ni mimi.

Mpira ukatoka, polepole, ukapinda nyuma ya miguu. Judy akachomoka nje ya mstari. Bati lake la kupigia likakata hewa. Na mikono ya Biasha, yake mwenyewe, ile iliyokuwa ikiangusha maembe, ilikuwa tayari iko pale. Mpira ukazama kiganjani. Vijiti vikaruka.

Mwamuzi akanyanyua kidole juu.

Ulikuwa wazimu! Husna alimrukia shingoni akilia. Judy alitazama mguu wake kama aliyesalitiwa nao. Hata Claire alipiga makofi, mara moja, kisha akajikamata.

Baada ya hapo Lunga Lunga walianguka kama nazi kwenye upepo. Kwale wakashinda. Hesbon alikuja akimpa Biasha mkono.

"Hivyo ndivyo nilitaka kuona. Jumamosi ni wewe. Basi linaondoka alfajiri, usichelewe."

"Jumamosi?" Mama Mishi alikuwa amesimama nyuma yao. "Jumamosi ipi?"

"Hii inayokuja, Mama. Tunacheza Mombasa."

"Jumamosi hii ndiyo hitima ya mwanangu. Tumekubaliana jana na wazee. Shangazi zake wanatoka Vanga Ijumaa."

Biasha aliuachia mkono wa Hesbon.

"Mama, kwani haiwezi kusogezwa Jumapili?" Hesbon aliuliza kwa upole.

"Mombasa wasogeze mpira wao. Maiti hasogezwi." Kisha akamgeukia Biasha, na sauti ikalainika, ndiyo ikatisha zaidi. "Sikukasirikii, mwanangu. Nafasi umeitafuta. Lakini wewe ulizivaa zile glavu kabla ya siku yake. Aliyevaa kabla ndiye wa kupokea, mbele ya dua, nimtoe mwanangu mikononi mwako. Usipokuwepo, sina wa kumpa. Zitabaki zake. Na yeye atabaki nazo."

"Kochi," Biasha aligeuka, "Jumamosi moja tu. Nirudi Jumamosi inayofuata."

Hesbon alikuna kichwa. Alionekana kuumia, lakini hakupindisha.

"Nilisema mbele ya wote. Nikikuachia wewe, kesho kila mtu ana shughuli yake. Wa Jumamosi ndiye wa msimu. Amua, Biasha. Sasa hivi, maana majina nayapeleka leo."

Msimu mzima. Aliona benchi. Aliona chupa za maji. Kisha akaliona jiko la Mama Mishi, mwanamke ameinama juu ya mbuzi ya nazi, anaogopa kugeuka.

Hakuomba apewe muda.

Alivua glavu ya kushoto. Akavua ya kulia. Akatembea hadi kwa Claire, akazisukuma mikononi mwake.

"Jumamosi simama wewe."

Claire alibaki kinywa wazi, na hilo si jambo dogo.

"Wewe, uko sawa? Umenishinda. Nimekubali umenishinda."

"Najua. Tazama kisigino cha mpigaji, kikinyanyuka atatoka nje. Mpigie Husna mawili."

"Na msimu?"

"Ni wako. Vaa, kochi aone."

Biasha akamshika Mama Mishi mkono, wakaanza kutoka uwanjani bila kuangalia nyuma. Hesbon akaandika jina. Claire, bado haamini bahati yake, akavaa glavu zake, akazikaza, akachuchumaa nyuma ya vijiti kujaribu.

Wengine wote walikuwa wameshatoka uwanjani. Nyuma ya Claire kulikuwa na nyasi na ule ukuta mweupe wa hoteli, basi.

Biasha na Mama Mishi walikuwa wamefika kwenye tangi la maji waliposikia wakiitwa. Ilikuwa sauti ya Claire, lakini mzaha wote umekauka ndani yake.

"Biasha! Biasha, rudi! Nani huyo amepiga makofi nyuma yangu?"